Chaza Waliopanda Mlima

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa chumvi kwa jirani, nyumbani kwetu Marangu samaki hakuingia jikoni kwa Bibi. Mama alikaanga dagaa nje, juu ya mafiga, na sufuria ya dagaa alikuwa ameifunga uzi mwekundu ili isije ikachemshiwa maziwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, lakini kwa viumbe wa majini alikuwa na dini yake ya pembeni. Alisema wote ni ukoo mmoja na nyoka, na kwamba maji waliyozaliwa ndani yake hawaachani nayo hata wakifa. Ukimla mmoja kabla moto haujayakausha maji hayo, yatadai kurudi baharini, na kwa kuwa yamo tumboni mwako, yataondoka pamoja na yako. Na mtu aliyeshikwa hivyo asipewe tone la maji, maana maji huita maji.

Niliamini kila neno. Nikivuka mfereji wa kumwagilia kihamba chetu, ule uliopita kati ya kahawa na migomba, niliruka juu kuliko ilivyohitajika.

Krismasi ni ya kurudi nyumbani, hilo kwetu halina mjadala. Mwaka ule baba mdogo, mdogo wake baba, alifika jioni ya mkesha akitokea Dar es Salaam, na kama kawaida yake hakuja hivihivi. Mwaka wa nyuma alileta saa ya ukutani iliyowika kama jogoo, ikawachanganya kuku mpaka Bibi akaitoa betri. Safari hii alibeba boksi la barafu. Alilifungua kule nyuma ya nyumba, wanaume walikokuwa wakichinja mbuzi, na ndani mlikuwa na kitu ambacho mimi nilikiona kama mawe machafu.

"Chaza hawa," alisema baba mdogo. "Dar watu wazito wanawala hivihivi wabichi. Ndimu, pilipili, basi."

Mtu wa nje angedhani wanaume wa mlimani wangeshtuka. Hawakushtuka hata kidogo. Kwetu mbuzi akichinjwa, kabla moto haujakolea, wanaume hukata figo likiwa bado na joto la mnyama, wakalichovya chumvi na kulitafuna bichi huku kibuyu cha mbege kikizunguka. Kula kibichi kwao kulikuwa jambo la kiume na la heshima. Mtu wa pwani angeuliza kwanza wale chaza wamevuliwa lini. Wetu waliuliza chumvi iko wapi.

Majirani walionja mmojammoja, wakatema kwenye migomba wakicheka. Baba hakutema. Alimpenda sana mdogo wake na hakutaka aaibike mbele za watu, kwa hiyo alikula mmoja, akala mwingine, akaendelea kula akisifia utamu ambao uso wake haukuuonyesha.

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alitazama magamba yale.

"Mbuzi mnamjua, mmemwona akila majani," alisema. "Huyo mmemwona akila nini?"

"Mama, si hata figo tumekula bichi?" alisema baba.

"Figo halina bahari ndani," alijibu Bibi, akarudi jikoni. Wanaume walicheka sana. Nami nilicheka, kwa sababu baba alikuwa akicheka.

Asubuhi tulikwenda kanisani. Baba aliimba besi kwenye kwaya, na kwa kawaida sauti yake niliitambua kati ya zote. Kabla ya mahubiri nilimwona akitoka mlango wa pembeni ameshika tumbo. Hakurudi. Tulipofika nyumbani tulimkuta amelala sakafuni karibu na kitanda, ametapika mpaka hana cha kutapika, na tumbo lilikuwa likimwendesha bila kupumzika. Baba mdogo naye alikuwa amejifungia chooni, akiugulia humohumo, na hakuna aliyemwonea huruma.

Nilikuwa bado nina gauni langu la sikukuu. Nilisimama nimeegemea ukuta nikimtazama baba akikauka. Siwezi kutumia neno jingine. Macho yalizama, midomo ikapasuka, na mama alipomfinya ngozi ya mkono ilibaki imesimama. Yale maji ya Bibi yalikuwa yakiondoka, na yalikuwa yakiondoka naye, kama alivyosema. Niliogopa mpaka nikashindwa kulia.

Jirani yetu mwenye pikapu alikuwa amekwenda kwa wakwe zake Kilema. Kijana mmoja alitumwa kumfuata kwa pikipiki, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Hakukuwa na la kufanya ila kusubiri, na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Mama alichemsha maji, akayapoza, akatia sukari na chumvi, kama alivyofundishwa kliniki mdogo wangu alipoharisha. Alipofika na kikombe mlangoni kwa baba, Bibi alikuwa amesimama hapo.

"Mama Aika, hapana."

"Mama, anakauka. Ndiyo dawa yenyewe hii."

"Jana nilisema, mkacheka. Leo usiniulie mtoto."

Akina mama wa jirani waliokuja kutusaidia walikuwa upande wa Bibi wote. Nani angebishana naye siku ile? Kila alichokisema kilikuwa kimetimia mbele ya macho yetu. Mama hakuwahi kumjibu mama mkwe wake hata siku moja, na sasa alisimama pale na kikombe, machozi yakimtiririka, akisema, "Nipishe, mama. Nakuomba unipishe." Bibi hakupisha. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa akimlinda mwanawe kwa nguvu zake zote.

Ndipo baba akafungua macho. Alimpita mama kwa macho, akamtazama Bibi.

"Mama," alisema. "Maji."

Alisema kama mtoto.  Bibi alinyoosha mkono akachukua kile kikombe kwa mama, akapiga magoti pale sakafuni, akamwinua baba kichwa. 

"Kunywa, baba," alimwambia. "Siwezi kukuangalia hivi."

Baba alitapika kile cha kwanza. Bibi alilia kwa sauti, akaamini amemmaliza, lakini alimwambia mama alete kingine, na kijiko. Wakakaa wawili, mmoja akishika kichwa, mwingine kijiko, mpaka pikapu ikafika. Hospitali walimtundikia dripu, na daktari alimwambia mama kwamba hayo maji ya kijiko ndiyo yaliyomfikisha. Kuhusu chaza, baba mdogo alikiri kwamba basi liliharibika Korogwe na barafu ikayeyuka, akanunua nyingine Same.

Baba aliporudi nyumbani, baba mdogo alikata jani la isale mpakani mwa kihamba, akalifunga fundo, akampelekea Bibi kwa magoti. Kwetu aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Bibi alilipokea. Kisha akaondoka nalo, akaenda uani alikokuwa mama akifua, akamwekea jani lile mkononi penye povu.

"Nilitaka kumnyima maji," alisema.

Mama alimkumbatia. Sikuwahi kuwaona wakikumbatiana kabla.

Leo niko Moshi mjini, nina watoto wanaokula samaki bila kuwaza ukoo wake. Wakisikia kisa hiki hufurahi kwamba Bibi alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi kwa chaza, na kwa maji alikosea, na karibu kosa hilo litugharimu baba. Wanadhani siku ile alibadilika. Hakubadilika. Mpaka anafariki alisema maji huita maji. Aliyaamini maneno hayo hata pale sakafuni, huku akimwinulia mwanawe kikombe.