Generosa Alipoufukuza Moshi Kilabuni

Kilabu cha Generosa kilikuwa nyuma ya stesheni ya Mpanda, upande ule ambao mabehewa mabovu yaliachwa mpaka yakaota majani. Kuta za matofali ya kuchoma, bati juu, madirisha mawili madogo kama macho ya nguruwe. Aliuza wanzuki, pombe ya asali, na kuanzia Kasekese hadi Ugalla hakuna aliyeipika kama yeye. Nilimwona mzee mmoja akinywa kopo moja tu, akasahau jina la mke wake, akatembea mpaka nyumba ya mwanamke mwingine kabisa, na huko wakampokea vizuri. Mkisema naongeza chumvi, mkamuulize mwenyewe. Amekufa, lakini mkamuulize.

Generosa alikuwa Mbende wa Kabungu, mfupi, mikono minene, binti wa mrina asali. Mumewe alipomwacha, baba yake alimpa mzigo wa asali badala ya pole, na kwa asali hiyo akaanzisha kilabu. Mimi na yeye tulikuwa rika moja. Nilikuwa na kona yangu humo ndani, mimi na kiko changu.

Nyie mliozaliwa juzi hamjui moshi. Miaka ile ya tisini, msimu wa tumbaku ukienda vizuri, wakulima waliingia mjini wamevaa mashati mapya yenye mikunjo ya dukani, na kila mmoja ana tumbaku mfukoni na kipande cha gazeti cha kusokotea. Ikifika jioni ulikuwa huoni mkono wako. Mtu alitundika koti kwenye moshi, akalikuta hapo hapo wakati wa kuondoka. Mijusi ya darini ilikohoa. Sisi tulicheka, tukaagiza tena.

Aliyekuwa hacheki ni Odeta, mhudumu. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akiwa mgongoni, wakapewa ardhi Katumba. Aliolewa na Onesphore, mwanaume mpole wa jembe, lakini mihogo yao iliingiliwa na ugonjwa kila mwaka, na kilichowavusha watoto ilikuwa kazi ya Odeta pale kilabuni. Generosa alimchukua akiwa msichana, akamfundisha kuchuja wanzuki na kunyamaza walevi wakisema upuuzi.

Odeta alianza kukohoa wakati wa mvua, tukasema mafua. Kiangazi kikaja, akawa bado anakohoa. Akitaka kuweka kopo mezani, anashika kwanza meza, anavuta pumzi, ndipo anaweka. Masalu, Msukuma mmoja mwenye ng'ombe wengi na mabani mawili ya kukaushia tumbaku, akamtania kwamba injini yake inataka kubadilishiwa plagi. Kilabu kizima kilicheka. Odeta naye akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi, akaangusha makopo yote yaliyokuwa mkononi. Alipoinama kuyaokota hakuinuka.

Generosa akafunga mapema siku ile, akampeleka hospitali mwenyewe. Waliogopa kifua kikuu. Walimpima, wakakuta siyo. Daktari akauliza nyumbani kwake nani anavuta.

"Hakuna," Odeta akasema. "Mume wangu hata ugoro haujui."

"Na kazini?"

Odeta akatazama chini. Hakutaka kumchongea tajiri wake mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Generosa ndiye aliyejibu, na alinisimulia kwamba sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

"Kazini wanavuta wote. Ni kwangu."

Daktari hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. Alieleza tu kwamba huyu mwanamke akiendelea kukaa kwenye moshi kifua kitafunga, na kikishafunga hana dawa ya kukifungua. Wakarudi mpaka relini. Odeta akamwomba, taratibu, kama anaomba chumvi:

"Mama, usinifukuze kazi."

Generosa alikuwa hajawaza kumfukuza. Lakini kusikia kwamba mtu aliyemharibu kifua ndiye anayebembelezwa, kulimfanya ashindwe kula ile jioni. Asubuhi akawaita vijana wa mashine ya mbao, wakamletea gogo la mninga, wakalilaza mbele ya mlango. Kila aliyefika aliambiwa hivi: moshi unaishia kwenye gogo. Unataka kuvuta, kaa hapo uvute, ukimaliza ingia unywe.

Masalu alisimama na msokoto wake umeshawashwa, haelewi.

"Mayu," alisema, maana Wasukuma humwita mama hivyo, "hela ninayokunywea imetoka kwenye tumbaku. Sasa mtoto aingie, mzazi abaki nje?"

"Leo abaki," Generosa akasema.

Siku za kwanza walidhani ni hasira za kupita. Walikaa kwenye gogo wakivuta, wakaingia, wakatoka, kama kuku kwenye tundu bovu. Shida ya gogo ni kwamba lilitazama njia ya sokoni. Mwanaume akikaa pale alionekana na mkewe, na mkwewe, na katekista. Huyo Masalu aliamkiwa na mama mkwe wake akiwa na msokoto mdomoni, na kwa heshima aliyofundishwa kwao akaumeza. Moshi ulimtoka masikioni mpaka jioni, mimi mwenyewe niliuona.

Basi wakaanza kuhama. Ng'ambo ya reli kulikuwa na kilabu cha Gelasius, wanzuki yake chungu kama majani ya mwarobaini, lakini humo ulivuta utakavyo na hakuna mkwe aliyekuona. Kwa Generosa tukabaki wazee wachache, katika hao mmoja anayelala.

Hapo ndipo shida ilipomfika Sikujua. Sikujua alikuwa mhudumu wa pili, mjane, mwenye ulimi. Mshahara wa kilabu ulikuwa wa kununulia sabuni. Kilicholisha watoto wake ni chenji ambazo wakulima walimwachia wakishachangamka. Wazee wasiokunywa zaidi ya kopo moja hawaachi chenji. Alivumilia, akavumilia, mpaka siku moja wakiosha makopo uani akamgeukia Odeta, Generosa akiwa hapo hapo.

"Wewe unapumua vizuri siku hizi. Wanangu ndio hawali."

Odeta akaacha kopo ndani ya maji. Generosa alijua kwamba Sikujua hakusema uongo. Baada ya wiki chache Sikujua akavuka reli, akaenda kuhudumu kwa Gelasius.

Generosa alikonda, yeye ambaye mikono yake ilikuwa inajaza mlango. Alinieleza kwamba sasa akikaa ndani hasikii kikohozi cha Odeta tena, anafurahi. Halafu anakumbuka kwamba hasikii kitu kingine chochote pia, wala wimbo, wala ugomvi, na kimya kile kinamshitaki. Amemwokoa mmoja kwa chakula cha mwingine. Kila alichokishika kiligeuka deni la mtu. Nilimshauri aliondoe gogo. Aliniuliza kama nitakwenda mimi kumwambia Onesphore kwamba mkewe anarudi kwenye moshi. Nikawasha kiko, nikakumbuka, nikatoka nje.

Sasa sikilizeni lile ambalo sote tulipaswa kulijua, sisi tuliokulia kwenye asali. Mapipa ya wanzuki yalikaa ndani ya kilabu, kona ya nyuma, kwa ajili ya joto. Asali inachacha, harufu inatoka, madirisha wazi. Miaka yote ile nyuki hawakuingia, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mrina asali akipanda mtini anapanda na moshi. Mtoto wa Kabungu anajua hilo kabla hajaota meno. Na Generosa, binti wa mrina asali, aliufukuza moshi kwenye nyumba yenye asali.

Nyuki wakaja wachache kwanza, wakanusa, wakaenda kuwaita ndugu zao. Kisha wakaja ukoo kwa ukoo. Walikaa kwenye makopo, kwenye viti. Kundi moja lilijikusanya kwenye kiti cha Masalu, likakaa kwa kuegemea, kama yeye. Walikunywa. Yohani, mrina asali wa Ugalla aliyekuwa akimletea Generosa asali, aliapa kwamba aliwakuta nyuki njiani wanarudi kwao wanayumba, mmoja anamuuliza njia. Wazee wetu wakakimbia, hata yule anayelala. Nikakimbia na mimi.

Odeta hakukimbia. Alijiona ndiye chanzo cha yote, akajifunga khanga kichwani, akaingia kufunika mapipa asije tajiri wake akapoteza na hicho kilichobaki. Walimshukia shingoni na usoni. Generosa alimbeba kama gunia, akamtoa mpaka gogoni, na pale Odeta akawa anavuta hewa haiji, midomo imebadilika rangi, macho yamevimba hayafunguki. Watu wa stesheni wakampakia kwenye baiskeli kwenda hospitali. Generosa alikimbia nyuma ya baiskeli, bila viatu.

Odeta alipona. Lakini wakati bado hatujajua kama atapona, Generosa alikaa kwenye benchi la hospitali akirudia maneno yale yale, kwamba amemtoa kwenye moshi akamtia kwenye nyuki. Nilimshika mkono. Sikuwa na hadithi ya kumwambia, na mimi sijawahi kukosa hadithi.

Yohani aliitwa kuwaondoa. Alifika mlangoni na mwenge wake wa majani makavu, akatazama nyuki, akalitazama gogo, akaanza kucheka, akamuuliza Generosa kama marehemu baba yake hakumfundisha kitu. Alipoona machozi akaacha kucheka. Akaingia, akafukiza, nyuki wakatoka, na nyumba ikajaa moshi kama zamani.

Odeta aliporudi, uso bado umevimba upande mmoja, alisimama kwenye gogo akaunusa ule moshi. Alidhani ameshaelewa.

"Waite tu warudi na tumbaku yao, mama," alisema. "Mimi nitakwenda kulima."

"Utalima kwa kifua kipi?"

"Hiki hiki."

Generosa aliingia ndani, tukasikia kishindo, akatoka anaviringisha pipa. Akalipitisha pembeni ya nyumba mpaka uani nyuma, kusikotazama sokoni. Akarudi kuchukua lingine. Yohani akaona anachofanya, akamsaidia. Kabla ya Jumapili kulikuwa na banda la nyasi kule nyuma, mapipa katikati, mabenchi kuzunguka, na habari ikavushwa reli: anayetaka kuvuta kwa Generosa akavute bandani, hakuna mkwe atakayemwona, na avute kwa bidii maana ndiye mlinzi wa pombe. Ndani ya nyumba, hapana.

Walirudi mbio. Masalu akajipa cheo cha bwana nyuki, akawa anatembea kati ya mapipa akipuliza kila upande na kuwagombeza wanaovuta kivivu. Odeta alihudumu ndani, kwa wazee, na kwa akina mama waliokuwa hawajawahi kuingia mle kwa sababu ya moshi. Sikujua aliomba radhi kwa namna yake, yaani alifika akashika ndoo akaanza kuosha makopo. Akapewa kuhudumu bandani. Chenji zikarudi, na watoto wake wakapata viatu.

Ningeishia hapa, hadithi ingekuwa tamu. Ila Generosa alikuwa na masikio.

Msimu uliofuata, tukiwa ndani tunachuja, tulisikia mtu anakohoa bandani. Kikohozi kidogo, kikavu, cha mwanamke. Generosa akaweka chujio chini. Tukasikia tena. Akatoka, akamkuta Sikujua ameshika meza kwanza, anavuta pumzi, ndipo anaweka kopo.

"Ni pilipili tu, mama," Sikujua akasema haraka. "Nimekula pilipili."

Aliogopa kutolewa kwenye banda, kwenye chenji zake. Generosa aliijua ile hofu, alishaisikia relini.

"Nipe hayo makopo."

"Mama, nimesema ni pilipili."

"Nimesikia. Nipe. Watakachoacha ni chako, mimi nabeba tu. Kasaidie ndani."

Sikujua alisimama kwanza, kisha akampa.

Tangu siku ile, mpaka miguu ilipomkataa, aliyepeleka wanzuki bandani alikuwa Generosa mwenyewe, mwenye kilabu, akipita katikati ya ule moshi na makopo mikononi. Masalu alimwambia mara nyingi akae chini, hiyo siyo kazi ya tajiri. Alimjibu kwamba hana tajiri mwingine wa kumtuma. Wakishaondoka alikusanya chenji mezani, akazipeleka ndani bila kuziangalia, akazimwaga kwenye kiganja cha Sikujua.

Baadaye naye akaanza kukohoa. Tukamuuliza, akasema pilipili.

Mimi nilikuwa nakaa huko huko bandani na kiko changu. Akinikaribia na kopo langu, nilikuwa nageuza uso nipulize upande wa reli.