Manowari Niliyoioka Saint-Josse

Nianze kwa kukiri mwenyewe, msije mkalisikia kwa wengine likiwa limeongezwa chumvi: mtu aliyewalaza sakafuni wageni themanini waliovaa nguo za sherehe, mchana kweupe, katika ukumbi mmoja wa Saint-Josse kule Brussels, ni mimi. Mimi huyu huyu Swedi mwenye duka la keki hapa Buyenzi, Bujumbura, mwenye diploma ya keki na chokoleti kutoka Ubelgiji (avec distinction, yaani kwa alama za juu, na msiniulize kama nimeitia fremu, nimeitia). Nilifika kule mkimbizi, nikaosha sahani mgahawani Etterbeek, kule kule Brussels, miaka sita, jioni nikisoma, mpaka nikawa mtu ambaye bila yeye Warundi wa Brussels hawakati keki, na hata Wakongo wa Lubumbashi walikuwa wakinifuata. Nayasema haya mjue kwamba aliyefanya upumbavu ule hakuwa mjinga. Alikuwa mtaalamu, na ndiyo maana ulikuwa mkubwa.

Ilianza hivi. Zaituni, binti wa Papa Ramazani fundi cherehani, alinijia na picha ya meli kwenye simu. Kijana aliyetaka kumwoa, Hamisi, ambaye wazazi wake ni wa Mombasa lakini yeye amekulia Uingereza, alikuwa baharia wa manowari, zile kubwa za makombora zinazoitwa destroya. Na Papa Ramazani hakutaka kusikia. Mzee alitoka Bujumbura wakati wa vita, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, na kwake mtu wa silaha ni mtu wa silaha tu, awe wa nchi kavu, awe wa majini. Alikuwa amekubali kupokea posa, lakini akasema jibu atalitoa mbele ya watu wote baada ya chakula, na kila aliyemfahamu alijua kwamba jibu lenyewe ni hapana.

"Tonton Swedi," Zaituni akaniambia, "nataka keki ya ile meli. Papa aone kwamba inalinda watu. Lakini nakuomba, usiweke silaha hata moja. Weka rada, weka helikopta, ça suffit, yatosha. Papa akiona kombora tu, c'est fini."

"Ma fille," nikasema, "umefika kwa mwenyewe."

Nikampigia Hamisi simu, nikamhoji saa nzima, na jioni zote za wiki ile nilitazama video za manowari ndani ya tramu mpaka nikapitiliza kituo changu mara mbili. Jamani, ile meli! Mpaka leo siwezi kuieleza nikiwa nimekaa. Zipo zenye makombora ya kupiga mbali hata nchi kavu, lakini ile ya Hamisi kazi yake kubwa ni ulinzi: meli za mafuta, meli za mizigo, hata ile kubwa inayobeba ndege, zote zinasafiri yenyewe ikiwa pembeni kama kaka mkubwa anayewasindikiza wadogo zake sokoni. Juu mlingotini kuna rada inayozunguka, inayoweza kuona ndege na makombora yakiwa bado mbali kama kutoka Brussels hadi Paris, inavifuata vitu vingi kwa wakati mmoja, na kompyuta inapanga kipi kizuiwe kwanza. Sitaha ya mbele ukiitazama utadhani ni tupu, kumbe chini yake makombora yamesimama wima kila moja ndani ya kisanduku chake, kama mayai kwenye trei; kifuniko kinafunguka, kombora linaruka juu, linajipinda lenyewe angani, linakwenda kukutana na lile la adui kabla halijafika. Likiponyoka moja, kuna bunduki inayomwaga risasi kama mvua. Nyambizi nazo, ina sikio la kuzisikiliza chini ya maji na helikopta ya kuzifuata. Na yote hayo yanaendeshwa na watu kama mia mbili tu! Hata wageni wa harusi moja ya kwetu hawajai.

Siku tatu sikulala vizuri. Nikatoa meli ya urefu wa mita moja na nusu, ndani biskuti na chokoleti, nje sukari niliyoikanda ikawa laini kama ngozi, rangi ya kijivu cha bahari ya kule, na rada inayozunguka kweli kweli (mota niliitoa kwenye maikrowevu mbovu). Nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama. Ilikuwa nzuri. Lakini ilikuwa feri. Niambieni ukweli, manowari isiyo na makombora si feri tu?

Hapo ndipo nilipoamua kale kajambo kadogo. Nikatoboa sitaha ya mbele mashimo kumi na mawili, kila shimo nikatia mshumaa wa cheche, ule unaowashwa kwenye keki za birthday, nikaiunganisha yote kwa utambi mmoja, na juu nikafunika kwa vifuniko vya chokoleti. Silaha haionekani, nikajiambia, kinachoonekana ni vifuniko tu, kwa hiyo ahadi ya Zaituni sijaivunja. (Mnaona akili ya mwenye diploma inavyofanya kazi?)

Nisichokifikiria ni maputo. Siku ya posa, pale ukumbini, shangazi za Zaituni walikuwa wamefunga tao la maputo meupe na vitambaa vyepesi juu ya meza ya keki, mamia ya maputo, nami nikaiweka meli yangu chini yake nikasema inapendeza.

Pilau ikaliwa, nikachukua maikrofoni ambayo hakuna aliyenipa, nikaanza kueleza. Nilieleza jamani! Rada, nyambizi, helikopta, ulinzi wa meli za watu. Na Papa Ramazani, ambaye tangu asubuhi uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Jumapili, akasogeza kiti.

"Alors, hii inakinga wengine?" akauliza.

"Inakinga, Papa!"

"Haiendi kutafuta watu nyumbani kwao?"

"Hapana, Papa, inasimama kati yao na hatari!"

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Zaituni akamtazama mama yake, mama akamfinya mkono. Ningenyamaza hapo, ningekuwa shujaa mpaka leo. Lakini kiberiti kilikuwa mfukoni, kinaniwasha.

"Sasa muone inavyokinga!" nikasema, nikawasha utambi.

Kifuniko cha kwanza kikaruka, cheche zikapanda, watu wakapiga makofi. Cha pili. Cha tatu. Cheche zikafika kwenye maputo. Pa! Pa-pa! Pa-pa-pa-pa-pa!

Nyinyi mliokuwa hapa Buyenzi miaka ile ya vita, sihitaji kuwaeleza. Hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi baadaye. Watu walishuka sakafuni kimya, kwa ufundi, akina mama juu ya watoto, wazee mikono kichwani, Maman Asha akalala kifudifudi na sahani ya pilau mkononi na punje moja haikumwagika. Waliobaki wamesimama ni wageni wa upande wa Mombasa, wakitazamana, wasijue wamekosea wapi. Na mimi mwenye maikrofoni? Mimi nilikuwa wa kwanza kabisa chini ya meza ya keki.

Kitambaa cha tao kikashika moto, king'ora cha moshi kikaanza kulia. Nikaona viatu vya Hamisi vinapita mbio. Alivuta kitambaa cha meza ya jirani, akakimwagia jagi zima la juisi ya tangawizi, akaliangusha tao juu ya manowari yangu, akavifunika vyote viwili. "Moto umezimika!" akasema, bila kupaza sauti sana. "Ni maputo tu. Shikaneni mikono, tokeni polepole, mlango wa nyuma." Akasimama mlangoni akiwahesabu mmoja mmoja. Kisha akarudi ndani, kwa sababu hesabu haikutimia.

Papa Ramazani alikuwa chini ya meza ile ile, karibu yangu, macho wazi, haondoki. Hamisi hakumvuta. Alilala sakafuni kando yake na suti yake mpya.

"Baba, nimo hapa," akasema. "Hata mimi nimeshtuka."

"Weye? Weye si mwanajeshi?"

"Kazi yangu melini ni moto na maji, baba. Tukipigwa, sisi ndio tunaozima na kuziba matundu. Kombora sijawahi kuligusa."

"Na hauogopi?"

"Naogopa. Anayesema haogopi, sisi hatumpi bomba la maji."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Kisha akageuza kichwa, akaniona. "Na huyu bwana wa rada, anafanya nini hapa?"

"Naye tutamtoa, baba," Hamisi akasema. "Wewe kwanza."

Nje mvua ilikuwa ikinyunya, watu wote wamesimama barabarani na nguo zao za kung'ara, na Mturuki wa duka la mboga akawatolea wazee kreti za kukalia. Papa Ramazani akakaa juu ya kreti, akajifuta uso, akainua mkono. Zaituni alikuwa amefumba macho.

"Bon. Nilisema nitajibu nikisha kula. Nimekula." Akakohoa. "Huyu mutoto alirudi ndani kunitafuta. Binti yangu nimempa."

Vigelegele! Tramu iliyokuwa ikipita ilipunguza mwendo. Mimi nami nikafungua mdomo nishangilie, mzee akainua kidole bila kunitazama.

"Lakini keki ya harusi tutanunua supermarché."

Na waliinunua kweli. Nilialikwa, nikaila, ilikuwa kavu, na sikusema neno. Tangu hapo nimeapa: mteja akisema usiweke, siweki, hata kama roho inaniuma. Na kiberiti cha dukani anakaa nacho mke wangu, mimi nikikihitaji namwomba, na ananiuliza kwanza cha nini.