Karibu ya Rahabu Haikufika Sandukuni

Watoto wa Malindi, ile ya milimani kwa Washambaa, wanajua: Mwalimu Rahabu hafungui mkoba wa mwanafunzi mwenyewe akiwa hayupo. Hata chaki zipotee boksi zima, atakuita, atakwambia anatafuta nini, ndipo mtaangalia pamoja. Tabia hiyo alitoka nayo chuo cha ualimu, huko juu upande wa Magamba, mwaka ule redio ya chuo ilipopotea.

Redio yenyewe ilikuwa ya mbao, kubwa kama mzinga wa nyuki. Chuo kizima kilisikilizia habari hapo. Asubuhi ilipokosekana, wanachuo walikuwa bustanini wakipalilia kabichi. Rahabu alibaki bwenini, mafua yamembana.

"Hodi!"

"Karibu!" akajibu, kama alivyolelewa.

Akaingia Mwalimu Valentino, mlezi wa mabweni, na mgambo mmoja aitwaye Danieli. Rahabu akaamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Hata marahaba haijakauka mdomoni, Danieli ameshapindua godoro na kuvuta sanduku la Salma, binti wa mchuma chai wa Bulwa, mwenye kitanda cha pili. Akatoa kikopo, akakifungua.

"Mnatafuta nini?" Rahabu akauliza.

"Redio," akasema Mwalimu Valentino.

"Ndani ya kopo la mafuta ya nywele?"

Danieli akakifunika haraka, masikio yamemchemka.

"Umetukaribisha mwenyewe," Mwalimu Valentino akasema. "Basi umekubali."

"Nimekukaribisha ukae, Mwalimu. Kwetu mgeni akikaribishwa hapandi darini kupekua mahindi ya watu."

"Chumba hiki ni cha umma, kitanda cha umma, hata wewe unasomeshwa na umma!"

"Chumba ni cha umma, sawa. Sanduku hili Salma alitwishwa na mama yake." Na hapo hapo akalifunga, akalikalia. "Langu lile pale, fungueni, mimi nipo. La Salma lisubiri mwenyewe."

"Ondoka hapo, au ufungashe urudi kwenu!"

Kwao! Rahabu alikuwa binti wa kwanza wa Malindi kuingia chuo. Usharika mzima wa kanisa ulimwimbia siku ya kuondoka, na baba yake, mtu mkimya, aliropoka Kishambaa kitupu kwa furaha. Arudi vipi, afukuzwe kama mwizi? Hakuondoka.

Wakampeleka bwaloni kwa mkuu wa chuo, Ndugu Sefania. Wanachuo wakaitwa wote.

"Unaficha nini?" mkuu akauliza.

"Sifichi kitu, Ndugu Mkuu. Kesho mtatupeleka vijijini tukafundishe. Nikizoea kuona mtu anapekuliwa hayupo, nami nitawapekua watoto wa watu hivyo hivyo."

Salma akasimama, matope mpaka viwikoni, ameinua ufunguo mdogo. "Walisahau hata kuuomba, kufuli lenyewe bovu! Mimi nipo sasa. Twendeni mkaangalie, ila mafuta yangu msiyamalize." Watu wakaangua kicheko, hata Danieli.

Ndugu Sefania hakucheka. Akasema chuo kina haki ya kupekua mabweni, hiyo haifutiki. Lakini tangu siku hiyo, anayepekua ataje anachokitafuta, mwenye vitu awepo, na kwa wasichana aje mlezi wa kike. "Na huyu," akamwonyesha Rahabu, "arudi chumbani akanywe dawa. Hafukuzwi mtu."

Vyumba vikapekuliwa kwa utaratibu huo, kuanzia sanduku la Rahabu, kwa ombi lake mwenyewe. Redio haikuonekana bwenini, na mpaka leo hakuna ajuaye ilikokwenda.

Wiki iliyofuata, hodi tena mlangoni.

"Karibu!"

Mwalimu Valentino hakuvuka kizingiti. Alisimama pale, mlezi wa kike pembeni yake, akakohoa kidogo. "Natafuta kunguni. Wenyewe mpo?"

"Tupo, Mwalimu," akadakia Salma. "Na wao wapo!"

Rahabu akainuka, shingo juu kama bibi harusi, akalifungua sanduku lake kwa mkono wake mwenyewe.