Nyasi Tulizokata kwa Ajili ya Kanisa

Harufu ya nyasi mbichi na udongo uliokandwa kwa miguu hunirudisha moja kwa moja katika mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, ufukweni mwa Ziwa, upande wa Ilemela. Nilikuwa na miaka tisa. Kila familia ilikuwa ikijenga: wanaume wakisimamisha nguzo, wanawake wakikanda udongo, na sisi watoto tukiteka maji ziwani mpaka shingo zinauma. Baba yangu, Mhaya aliyekuja Mwanza kufanya kazi katika kinu cha pamba, alikuwa katekista. Nyumba yetu ilipokwisha tu, alianza kujenga kigango, kanisa dogo la miti na udongo katikati ya mawe makubwa. Kuta zilisimama, lakini paa bado. Kwa wiki tatu waumini tulikata nyasi za kuezekea na kuzilundika kando, mzigo juu ya mzigo.

Padri alitufikia mara moja tu katika miezi mitatu, kwa mtumbwi wa injini. Jumapili aliyokuja mwanzoni mwa vuli, mimi nilikuwa nipokee Komunyo ya kwanza. Mama alinishonea gauni kutokana na shuka lake la harusi, akalipiga pasi ya mkaa, nami nikaenda kanisani nimeachanisha mikono na mwili nisije nikalikunja. Nilijiona malaika.

Tulikuwa tumeimba wimbo wa kwanza tu wakati ngurumo iliposikika kutoka ziwani. Wingu jeusi lilikuwa limefunika visiwa. Baba aligeuka akatazama nje, akatazama tena. Ng'ambo ya uwanja ilikuwa nyumba ya Bibi Kabula, mjane Msukuma aliyeletwa na lori juzi yake pamoja na binti yake. Ilikuwa na nguzo na fito tupu. Binti alikuwa amejifungua siku hiyo hiyo waliyofika, na sasa alikuwa amejikunyata na kichanga chini ya turubai lililotoboka. Mama alikwisha kuwaalika kwetu, lakini Bibi alikataa. Kwao mzazi hakutolewa nje kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka.

Baba akamnong'oneza padri, kisha akatuambia, "Ndugu zangu, chukueni nyasi. Twende tukamwezekee Bibi Kabula."

Mzee mmoja akasema, "Katekista, zile ni nyasi za Mungu. Na yule mama hutambikia mizimu yake."

"Mtoto ana siku mbili," Baba alijibu. "Mvua haitamuuliza dini yake."

Padri alikuwa ameshavua kanzu yake. Nililia. Nililia kwa sauti, nimeshika gauni langu kwa mikono miwili. Mama hakunibembeleza, aliniwekea mzigo kichwani na kusema, "Lia, mwanangu, lakini ulie huku umebeba."

Tulifunga mzigo wa mwisho kwenye paa la Bibi Kabula matone yakianza kudondoka. Mvua ilinyesha mpaka alasiri, na ilipokatika padri aliondoka haraka, maana katika kigango cha pili kulikuwa na mgonjwa mahututi aliyemngojea. Misa haikusomwa. Gauni langu lilikuwa na matope mpaka kifuani, na nyasi za kanisa zilikuwa zimekwisha.

Nilimkasirikia Mungu waziwazi. Nilikataa kusali jioni, na Baba, mkali kama alivyokuwa, hakunilazimisha. Siku ya nne Mama alinituma kwa Bibi Kabula na uji wa mzazi.

"Shikamoo, Bibi," nilisema mlangoni, nimenuna.

"Marahaba. Ni wewe uliyekuwa unabeba nyasi huku unalia?"

"Ndiyo."

"Basi kaa. Mpakate huyu."

Nikampakata. Alikuwa mkavu, ana joto, anapumua kwa kasi kama kifaranga. Alifungua jicho moja, akanitazama, akalala. Hasira yangu sikuiona ilikokwenda. Jioni hiyo nilipiga magoti kabla ya Mama kuniita.

Nilipokea Komunyo miezi mitatu baadaye, jua likituchoma utosini, gauni lina madoa yasiyotoka. Bibi Kabula hakubatizwa mpaka kufa kwake, wala Baba hakuwahi kumdai ubatizo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Leo naishi Buhongwa. Kanisa letu lina marumaru, feni na vipaza sauti, na Misa huanza kwa wakati, haichelewi hata dakika. Nashukuru kwa hayo yote. Sitamani kurudi kwenye dhiki, wala sisahau kwamba wengi waliziacha nyumba na makaburi yao kwa uchungu. Lakini nimemzika mume wangu, nimemzika na mwanangu wa pili, na katika siku hizo sikuyumba. Wajukuu huniuliza imani hii niliipata katika mahubiri gani. Huwaambia kweli: niliipata Jumapili ambayo hapakuwa na mahubiri.