Joho la Nane

Jambo hili limenigharimu meza yangu ya sokoni, mbuzi wawili na mume mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu. Meza haipo, mbuzi hawapo. Mume yupo, na hapo ndipo hesabu inaponishinda.

Najua utasema ni yale yale ya watu wa Pwani, kwamba sisi umeme ukikatika tunaanza kuona majini. Sema tu. Mimi nauza dagaa na nafaka hapa Bagamoyo, na kazi yangu ni kutomwamini mtu mpaka niione mizani. Sina faida ninayopata kwa kukudanganya, na kitu kisicho na faida mimi sikifanyi. Yalitokea. Yalinitokea mwenyewe, sina homa, sina usingizi, na mwanga wa alfajiri ulishaanza kuingia.

Kuna shirika moja liliweka kambi njia ya Zinga, kazi yao kulea korongo. Nasema wale wakubwa wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ambao bibi zetu waliwafukuza mashambani kwa makundi na sisi tumekuja kuwaona kwenye kalenda. Mayai yanaanguliwa kwa mashine, vifaranga wanakuzwa bandani, wakishakomaa wanarudishwa porini, huko bonde la Ruvu kwenye matete. Mimi niliwauzia mtama na dagaa. Walikuwa hawajui kupatana bei, kwa hiyo niliwapenda sana.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kisa chenyewe. Kifaranga wa korongo akimzoea binadamu ameharibika. Ukimwachia porini atawafuata watu, na wa kwanza mwenye njaa atamtia sufuriani. Kwa hiyo walezi wake huvaa majoho ya kijivu kuanzia utosini hadi miguuni, uso umefunikwa kwa wavu, na mkono mmoja umevikwa kichwa cha korongo cha kitambaa, chenye mdomo, ambacho ndicho kinachomlisha. Na hawasemi. Hakuna neno, hakuna kukohoa, hakuna mluzi. Ukibanwa na chafya, toka ukaipige barabarani.

Mume wangu Shabani alikuwa mmoja wa walezi hao. Aliponiambia nilicheka hadi machozi, maana Shabani ni mtu wa kuongea hata na mzigo wa kuni. Mimi alinibatiza Mhasibu, kwa sababu eti nahesabu mpaka vitunguu vilivyomo kwenye mchuzi. Lakini ile kazi aliipenda. Alikuwa akirudi jioni ananimwagia maneno yote aliyoyabana mchana kutwa, mimi nachambua mchele, yeye anaongea, mtoto wetu Asha anasinzia. Sikujua kama ile ni mali. Ni ile mali ambayo huiwekei bei kwa sababu hufikirii kuiuza.

Siku ya kuwarudisha ndege ilipokaribia, akaja Bi Tatu, mama wa Kikwere anayelima mpunga ukingoni mwa bonde. Kwanza alikuja kugombana. Ndege wenu watakula mpunga wangu, nani atanilipa? Alipomaliza ugomvi akatuambia kitu kingine. Yale matete yana wenyewe. Hata anayekwenda kukata ya kusukia mkeka husimama ukingoni, hupiga hodi kwa sauti, husubiri, ndipo huingia. Ukiingia kimya, alisema, umeingia kama wao wanavyoingia.

Daktari Neema, mkuu wa kambi, binti wa Kilimanjaro mwenye adabu zake, hakumdharau. Tatizo ni kwamba hodi ni sauti ya mtu, na ndege wakiisikia siku ile ya kuachiwa, kazi yote imekwenda na maji. Wakawa wanaumiza vichwa. Shabani ndiye aliyepata dawa: atakwenda jioni ya kuamkia siku yenyewe, peke yake, bila joho, apige hodi mapema. Sote tuliona ni akili. Hata Bi Tatu alicheka, akasema tangu azaliwe hajasikia hodi ya kuweka nafasi kama tiketi ya basi la Chalinze.

Akaenda, akarudi magharibi anafurahi. Nikamuuliza wenyewe wamejibu nini.

"Wamesema karibuni nyote," akaniambia, akacheka. Nami nikacheka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Alfajiri tulikuwa kwenye tuta linaloingia bondeni. Ukungu ulikuwa mzito, matete yanaonekana vichwa tu. Mimi nilikuwa nimeleta gunia la mtama wa kuwatupia ndege siku za mwanzo, nikapewa kazi ya kubaki kwenye gari na kulinda simu, ndala na kofia za watu. Majoho yalikuwa saba. Nayajua, kwa sababu mimi ndiye niliyewakatia bei kwa fundi, na yule fundi alitaka kunibambikia la nane nikamkatalia. Watu saba wakavaa mbele yangu. Shabani alinikonyeza kabla hajashusha wavu usoni. Masanduku yakafunguliwa, korongo wakatoka wakijinyoosha, na msafara ukaanza kushuka, majoho mbele, ndege nyuma, kimya kabisa.

Walipofika pale tuta linapopinda niliwahesabu. Si kwa sababu yoyote, ni tabia tu, wengine hutafuna kucha.

Wanane.

Nikajiambia ni ukungu. Nikaanza upya, kutoka wa mbele, nikinyoosha kidole. Wanane. Wa mwisho alikuwa anatembea vizuri kuliko wote. Wenzake walikuwa wanajikwaa kwenye majoho kama maharusi waliovaa viatu vya kuazima. Yeye alikuwa anainua mguu, anauweka, anatulia, anainua mwingine. Na niamini, ndege waliacha kuwafuata waliowalea. Wote walikuwa nyuma yake yeye.

Wewe ungefanya nini? Ungepiga kelele? Nilifungua kinywa. Halafu nikawaza: nikiita sasa, ndege watasikia sauti ya mtu, watatawanyika, na miezi yote ya Shabani ya kumeza maneno itakuwa bure, kwa sababu tu mkewe ana ugonjwa wa kuhesabu. Simu zao zote nilikuwa nimezipakata mimi. Nikafunga kinywa. Wakaingia kwenye matete mmoja mmoja, na matete yakajifunga nyuma yao.

Sijawahi kusubiri kama vile. Nilisikia ndege wakilia, ile sauti yao kama tarumbeta iliyopasuka, kwanza karibu, kisha mbali. Jua likaanza kuutafuna ukungu. Ndipo majoho yakatokea. Nikahesabu: saba. Nikarudia: saba. Nilishusha pumzi. Saba waliingia, saba wametoka, nikajiambia macho yako mama, nenda kapime. Kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi hesabu ilipotimia bila kukagua kilichomo ndani ya gunia.

Wakavua. Daktari Neema alikuwa analia kwa furaha, wengine wanakumbatiana, kila mtu anaongea kwa pamoja kama watu waliotoka msibani. Shabani akawa wa mwisho kuvua wavu wake. Uso ni wake. Kovu la nyusi ni lake. Nikampa kofia yake, akaipokea, akaitazama, akabaki nayo mkononi. Nikamwambia pole na kazi. Hakujibu. Akageuza uso pembeni, akanitazama kwa jicho moja, la kulia. Kisha akageuza upande wa pili, akanitazama kwa la kushoto.

Bi Tatu alikuwa anapita na jembe lake kwenda shambani. Shabani alikuwa na adabu kuliko wengi. Hajawahi kukutana na Bi Tatu asimpe shikamoo. Siku ile hakutoa. Bi Tatu akasimama, akamwangalia, akaniangalia mimi.

"Waliingia wangapi?"

"Majoho ni saba," nikasema. "Lakini mimi niliona wanane."

"Na waliotoka?"

"Saba."

Akalilaza jembe chini, akakaa kwenye tuta pale pale penye umande. "Basi hawajatoka wote, mwanangu."

Daktari Neema aliniambia ni uchovu, mtu amekaa kimya miezi mingi, sauti itarudi. Hospitali wakampima, wakasema ana afya njema kuliko mimi. Shehe akamsomea, alikaa kimya, ameinamisha shingo, mtulivu mpaka shehe akamsifu. Nikachinja mbuzi wa kwanza wa sadaka, nikachinja wa pili. Meza ya sokoni nikaiachia mwenzangu, kwa sababu siwezi kupima dagaa huku nawaza nani yuko nyumbani kwangu.

Majirani wananipongeza. Wanasema Shabani amebadilika, hagombani, hakai kijiweni, anaosha vyombo. Jirani mmoja ameniuliza nilimpa dawa gani, na kama naweza kumgawia. Hawajamwona usiku. Halali kitandani. Anasimama katikati ya chumba, mguu mmoja ameukunja, uso kaskazini, macho wazi. Mtama ule nilioubakiza anaula mkavu. Asha alikaa naye wiki ya kwanza, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, huyu baba hana harufu." Kesho yake nilimpeleka kwa bibi yake Ubena.

Mwisho nikamwendea Bi Tatu nikamwomba anipeleke. Tulikwenda jioni jua likiwa bado lipo, tukasimama ukingoni, nikapiga hodi kama inavyotakiwa, kwa sauti, nikataja jina langu na la baba yangu. Tukasubiri. Matete yalitikisika na upepo haukuwepo. Ndipo nikasikia mtu anakohoa. Mke anakijua kikohozi cha mumewe, hilo usinibishie. Ni kile cha asubuhi, cha kusafisha koo kabla ya kuanza kusema.

"Mhasibu," akasema, kama vile ametoka kuvuta kiti. "Usiingie. Huku tupo wengi."

Nikamuuliza kama amekula. Ona ujinga, hilo ndilo lililonitoka kinywani. Nilisikia nyayo nyingi zikirudi ndani ya maji, taratibu, zikiinuliwa na kuwekwa.

Bi Tatu alinisubiri nimalize kulia, ndipo akaniambia. Kuna njia moja. Yule aliyepo nyumbani anaweza kurudishwa, lakini na mtu anayeishi naye tu, wote wawili wamevaa majoho kama walezi siku ile, bila neno, mpaka katikati ya matete. Hapo atatoka mmoja wa kurudi nami.

"Nitajuaje kama ni Shabani?" nikamuuliza. "Atakuwa na wavu usoni, na hatakiwi kusema."

"Sitakudanganya," akasema Bi Tatu. "Sijui. Na sijui kama na wewe utatoka."

Nilimwambia nitafikiri. Nikarudi nyumbani nimeamua moyoni kwamba sitakwenda, kwamba nina mtoto, kwamba mtu haweki rehani kitu alichobaki nacho ili akomboe kilichopotea. Nikafungua mlango.

Alikuwa amesimama mezani anapiga pasi ya mkaa. Majoho yote saba ya shirika yako stoo kule kambini, yamefungiwa kwa kufuli, nilishakwenda kuyahesabu. Haya yalikuwa mengine. Mawili, ya kijivu, yamelowa pindoni na yananuka tope la bondeni. Moja ni la kimo chake. La pili akaliinua kwa ncha za vidole, akalining'iniza mbele yangu, akageuza uso ili anitazame kwa jicho moja. Lilinifika sawasawa kwenye vifundo vya miguu. Hakuna fundi aliyenipima.

Shirika wametangaza kwamba korongo wengine wataachiwa mvua za masika zikiisha. Kama wewe ni mtu wa kwenda kuangalia mambo haya, nenda, ni kazi nzuri, sina ugomvi na ndege. Lakini piga hodi siku ile ile na saa ile ile unayoingia, kwa mdomo wako, na uwaache ndege waharibike kama ni kuharibika. Na mwenzako akitoka, usimhesabu tu. Mfanye aongee.

Mimi nimebaki na swali moja, nalileta kwako kwa sababu wa hapa wote wananipa majibu mawili. Shabani mwenyewe amenikataza nisiingie, na Shabani hajawahi kunikataza kitu bila sababu. Lakini nikikaa, yeye atabaki kule, na huyu atabaki hapa, na kila usiku anasogea hatua moja karibu na kitanda. Masika yameshaanza kupungua. Wewe uliyesoma mpaka hapa, ungekuwa mimi, lile joho ungelivaa?