Swali la mzee wangu kwenye fomu ya hospitali

Leo nimebishana na karani wa hospitali, na foleni yote ikasikia.

Nilikuwa kliniki ya hospitali, mjini. Karani, dada mpole wa umri wa wajukuu wangu, aliniambia wameleta mashine mpya za kuchapisha fomu zote.

"Shosho, hili swali la mwisho tunalitoa leo. Hakuna anayejua ni la nini."

Swali lenyewe ni: Umekuja na nani?

Nilishtuka.

Aliyeliandika ni mzee wangu, marehemu mume wangu. Miaka ya sabini alikuwa akizichapa fomu hizo hapo hospitalini kwa stensili, ile karatasi ya nta ya kupitishia wino, anarudi nyumbani Riruta na wino hadi viwikoni. Siku moja alimkuta mama mmoja amekaa nje ya wodi kutwa nzima. Mumewe alikuwa amelazwa, na hakuna aliyejua kwamba kuna mtu wa kuambiwa hali yake. Kesho yake mzee akaliongeza swali hilo, bila kumwuliza mkubwa yeyote.

(Ndivyo alivyokuwa.)

Nikamweleza karani yote hayo. Mama mmoja nyuma yangu akafoka, "Songa basi, tunaumwa!"

Karani akasema, "Sitalitoa. Wakiniuliza sababu, sasa ninayo." Halafu akaniangalia. "Na wewe leo umekuja na nani?"

Tangu tumzike mzee, huwa naenda peke yangu.

Yule mama aliyefoka akasogea dirishani. "Andika mimi, Mama Atieno. Niko nyuma yake tangu saa mbili."

Jamani, nyinyi mngemjibu Mama Atieno nini? Mimi nilimshika mkono tu.