Mbuzi wa Msamaha

Kwao Asumbi, Damaris ni wakili. Usijaribu kuambia mtu pale kijijini ati hajaapishwa, ati alikimbilia masters ya uhalifu na haki kabla ya kupitia chuo cha mawakili. Watakuuliza, kwani amesomea sheria ya nani? Hata kuku ikipotea, anaitwa yeye.

Ndio maana kakake Bravin aliposhikwa huko Macalder, mama yao Benta hakulia sana. "Si tuko na wakili kwa nyumba," alisema, akaendelea kuchambua omena.

Kesi ilikuwa hivi. Alfajiri moja huko migodini, mtu alimgonga Omanga, mchimbaji mwenzake Bravin, rungu ya kichwa, akatoroka na gunia lake la mawe ya dhahabu. Omanga aliona mgongo tu, lakini akasema huo mgongo ni wa Bravin. Bravin akasema yeye alikuwa amelala.

Damaris akaenda kumwona rumande.

"Omera, ndugu yangu, niambie ukweli. Ni wewe?"

"Si wewe ndio unasomea wahalifu? Niangalie vizuri. Nakaa mmoja wao?"

"Unakaa wawili."

Wakacheka mpaka askari akawakazia macho.

Sasa, Damaris alikuwa ameandika sura nzima ya thesis yake akisifu vile watu wa kwao humaliza kesi nyumbani: familia mbili zinakaa, mnyama anachinjwa, watu wanakula, maneno yanaisha. Profesa wake aliisoma akamwambia ni moto. Basi si dada akaamini sifa zake mwenyewe? Akamwambia mama apeleke mbuzi kwa kina Omanga.

"Na Bravin anasema si yeye," Benta akauliza. "Naenda kuomba msamaha ya nini?"

"Mama, hii si kukubali makosa. Ni maridhiano."

"Hiyo maridhiano iko na Kijaluo chake?"

"Wee peleka mbuzi tu."

Benta akavaa nguo ya kanisa, akapeleka. Alipokelewa vizuri sana. Mbuzi ikaliwa, maombi yakafanywa, na Omanga, bado na bandeji kichwani, akaapa ataondoa kesi. Damaris alilala kama mtoto.

Kortini Migori, Omanga alitimiza ahadi. Akaomba kesi iondolewe. Hakimu akamwambia wizi wa mabavu hauondolewi na mtu. Kesi ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi tu, atoe ushahidi. Hiyo sheria Damaris aliijua. Kwa ile sura yake tamu aliiweka chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo ndogo.

"Ulijuaje ni huyu?" mwendesha mashtaka akauliza.

Omanga akatabasamu. Maskini, alikuwa anataka kusaidia.

"Mheshimiwa, mwanzo nilikuwa na shaka, sitadanganya. Lakini mama yake akaniletea mbuzi. Hakuna mama anaweza toa mbuzi kwa kitu mtoto wake hajafanya. Sasa nimejua ni yeye. Na nimemsamehe kabisa."

Hakimu akaandika. Kalamu hiyo ilisikika mpaka nyuma.

Bravin hakuwa na wakili. Alipoulizwa kama ana swali kwa shahidi, aligeuka akamwangalia dadake. Damaris akajikuta amesimama.

"Mheshimiwa..."

"Wewe ni wakili?"

"Hapana. Mimi ni mwanafunzi."

"Basi kaa."

Akakaa. Bravin akamwambia hakimu hana swali.

Siku ya hukumu, hakimu alisoma polepole, na alipofika kwa mbuzi Damaris akajua kesi imeenda. Bravin alipatikana na hatia. Akipitishwa na pingu, alimnong'onezea, "Nyamera, dada yangu, kumbe ni kweli nakaa mmoja," lakini safari hii hakuna mtu alicheka.

Nje, Benta alimshika Damaris mkono. Macho yalikuwa makavu. Alikuwa anapiga hesabu ya zizi lake.

"Nyathina, mwanangu, wewe ndio umesoma, niambie. Mbuzi ilikuwa ndogo? Ama twende tena na ng'ombe?"